Daftari la Zama Hizi

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 ilitungwa zama za leja na kalamu. Mwaka 2000, katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh, Jaji Nsekela wa Mahakama Kuu aliamua kuwa hesabu zilizochapwa na kompyuta nazo ni vitabu vya benki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ikaweka vipimo: kumbukumbu ilitengenezwaje, ilitunzwaje bila kuchezewa, mwenyewe alitambuliwaje? Mkulima wa alizeti hapa Singida, mwenye ahadi ya malipo katika simu tu, hana budi kujiuliza hayo kabla ya kufungua kesi. Ujumbe ukifutwa, deni la kweli laweza kukosa shahidi.