Adui Huteuliwa na Nani? Kisasi cha Mwanamke Muuaji katika Vibanda Umiza vya Mwanza

Uhakiki wa filamu za kisasi zenye mwanamke muuaji umezunguka kwa muda mrefu swali moja: huyu mwanamke mwenye upanga au bastola amejikomboa, au ni pambo jipya lililotengenezwa kwa ajili ya macho ya wanaume? Wahakiki wa Ulaya na Marekani wameligombania tangu Nikita ya Luc Besson (1990), na Kill Bill ya Quentin Tarantino (2003 na 2004) ikalichochea zaidi. Sina ugomvi nalo. Ila kwa mtazamaji wa Mabatini, kata ya Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, liko swali linalolitangulia: nani amethibitisha kwamba anayeuawa anastahili kufa?

Swali hilo halijitokezi kirahisi, kwa sababu kibanda umiza hulijibu mapema. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye, watu wa mitaa ya kipato cha chini walitazama filamu za kigeni katika vibanda hivyo kwa kiingilio kidogo, wamebanana kwenye mabenchi mbele ya deki na runinga. Katika mazingira hayo ndipo ulipokomaa usanii wa msimulizi anayeingiza sauti yake juu ya filamu. Tanzania ilimpata Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Kenya ina DJ Afro. Uganda, ng'ambo ya ziwa, ina mafundi wake waitwao VJ, wasimulizi wa Kiganda. Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Kijerumani aliyeutafiti usanii huu nchini Tanzania, ameonyesha kwamba msimulizi hatafsiri tu, bali pia huongeza, hupunguza na hufafanua. Ningeongeza kwamba huhukumu. Mtu akitokea tu kwenye kioo, hadhira huambiwa huyu ndiye steringi na yule ndiye adui, hata pale mwandishi wa filamu alipokusudia tusubiri nusu saa ndipo tumjue.

Kwa muuaji wa kike kazi hii ina uzito wa pekee, maana wahusika hawa ni wachache wa maneno. Msimulizi anapowapa maneno huwapa na sababu: mama aliyenyang'anywa mtoto, binti anayedai damu ya baba yake. Muuaji wa kukodiwa, ambaye kwa kanuni za kibandani angekuwa adui, anahamishiwa upande wa steringi. Na steringi, kila mtoto wa mtaani anajua, hafi.

Tuitazame Colombiana ya Olivier Megaton (2011). Inaanzia Bogotá mwaka 1992, mtoto Cataleya akishuhudia wazazi wake wakiuawa na watu wa bwana wa dawa za kulevya. Anakimbilia kwa ami yake Chicago na kumwomba amfundishe kuua. Akiwa mtu mzima, akiigizwa na Zoe Saldana, anaua kwa malipo na huacha mchoro wa ua la okidi kwa waliouawa ili wahusika wajue deni limefika. Nguvu ya filamu haimo kwenye risasi zake. Imo kwenye dakika zile za mwanzo ambapo sisi wenyewe tunageuzwa mashahidi. Hakuna hakimu, hakuna shahidi wa kutiliwa shaka, tumeona. Baada ya hapo kila maiti ni halali.

Usukumani, eneo la Wasukuma ambamo Mwanza imo, kisasi kilikuwa na historia yake kabla ya deki kufika. Takwimu rasmi alizozichambua Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa zaidi ilikuwa Usukumani. Miaka hiyo yenyewe inatosha kumjibu anayedhani filamu ndizo zilizofundisha watu kuua. Mwenendo wa mauaji ya vikongwe unafahamika: mtoto anafariki ghafla, familia inakwenda kwa mganga, ramli inamtaja jirani au shangazi, mara nyingi mjane ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Wakata mapanga wanalipwa, wanakuja usiku. Jambo linalosahaulika katika taarifa za polisi ni kwamba aliyetoa fedha haoni kuwa ameanzisha uovu. Anaona amelipiza.

Hapa ndipo utanzu huu wa filamu za kisasi unapopaswa kuhojiwa. Cataleya na mfiwa yule wa kijijini wote wamepoteza mtu, na uchungu wao hautofautiani kwa kina. Wanatofautiana katika ushahidi: mmoja ana kamera, mwingine ana ramli, na kamera ya filamu za namna hii haikosei kamwe. Tunachokinunua kwa kiingilio, basi, ni uhakika, kwani damu ipo hata katika taarifa ya habari. Sisemi kwamba uhakika huo unamtoa mtu kibandani akashike panga. Nasema unazoesha akili kumpokea adui aliyekwisha kuteuliwa. Hata riwaya zetu za kijasusi hazikutuzoesha vinginevyo: katika Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba (1979), Willy Gamba hana haja ya kujiuliza kama adui wake ni adui.

Kill Bill inainuka juu ya wenzake kwa tukio moja la jikoni. Bibi harusi, steringi wake, anamuua Vernita Green, anageuka, na mtoto wa marehemu amesimama pale akitazama. Bibi harusi anamwambia mtoto huyo kwamba akikua na uchungu ukiwa haujaisha, atamsubiri. Kwa muda huo mfupi steringi ni adui wa mtu mwingine, kwa haki ileile aliyoitumia yeye.

Kuna pengo jingine, la umri. Mwanamke anayeruhusiwa kulipiza kisasi kwenye kioo ni kijana mwepesi wa kuruka ukuta. Katika Colombiana yumo bibi yake Cataleya. Anauawa kwa sababu ya alama ambazo mjukuu wake anaziacha, na kifo chake kinatumika kuongeza hasira ya dakika za mwisho. Ajabu ni kwamba kati ya wanawake wote wa filamu hiyo, huyo ndiye ambaye mtu wa Usukumani angemtambua mara moja.

Filamu ninayotamani ishike nafasi katika vibanda vya Mabatini ni The Villainess ya Jung Byung-gil kutoka Korea Kusini (2017). Sook-hee anaua watu jengo zima kulipizia kifo cha mume wake, mwanamume aliyemlea na kumfunza kazi hiyo, kisha inafichuka kwamba mume huyo hakufa, na kwamba ndiye aliyemuua baba yake Sook-hee. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, ila aliyemwonyesha wa kuua alikuwa adui mwenyewe. Msimulizi anayeishika filamu hii ana njia mbili. Akimtaja adui mapema, ameivunja. Akitaka ifanye kazi yake, lazima anyamaze na kuiacha hadhira ishangilie vifo vya watu wasiohusika, naye amelipwa ili aseme.