Gongo Halipimi Kilo

Nilikuwa kidato cha pili hapa Suna siku mwalimu wa michezo aliponitoa kwenye timu ya magongo. Hakusema sijui kucheza. Aliniangalia kuanzia miguuni hadi kichwani, akasema, "Wewe ukiguswa tu unaanguka. Enda ule ugali kwanza." Wenzangu wakacheka. Nafasi yangu akapewa jamaa mmoja mwenye mabega mapana, ambaye mpira ukimfikia ulikuwa unampita tu.

Jioni nikamlalamikia babu. Hakunihurumia sana. Aliniambia wao wakichunga ng'ombe walicheza adhula, yaani magongo ya Waluo, na hakuna aliyepimwa uzito. Kisha akaongeza: "Lakini asiye na pumzi hakuitwa mara ya pili." Nilidhani babu anamuunga mkono mwalimu. Imenichukua miaka kuelewa kwamba walikuwa wanazungumzia vitu viwili tofauti.

Historia ya magongo Kenya ndiyo iliyonifungua macho. Tulianza kushiriki Olimpiki mwaka 1956, Melbourne. Tokyo 1964 tukamaliza wa sita duniani. Nahodha alikuwa Avtar Singh Sohal, beki aliyecheza Olimpiki nne mfululizo, 1960 hadi 1972. Wengi katika timu hizo walikuwa Wakenya wa asili ya Asia, Masingasinga na Wagoa. Mwaka 1971 Kombe la Dunia la magongo likachezwa kwa mara ya kwanza, Barcelona, na Kenya ikafika nusu fainali. Uhispania wakatufunga 1-0. Kwenye mechi ya kutafuta nafasi ya tatu, India wakatufunga 2-1. Wa nne duniani, bana!

Ni rahisi kusema eti tulikosa misuli. Lakini magongo ya uwanjani si yale ya barafu ya Kanada, ambako kumgonga mwenzako kwa bega ni sehemu ya mchezo. Huku ukimsukuma mtu, refa anapuliza filimbi na mpira unapewa wapinzani. Misuli ya kusukumana haina soko. Kinachohitajika ni mwili wa kukimbia dakika 35 kila kipindi, kama ilivyokuwa enzi hizo, na bado dakika ya 68 mkono wako uutulize mpira kama ulivyoutuliza dakika ya pili. Mtu akichoka, ufundi ndio unaomtoroka wa kwanza.

Kisha nyasi zikabadilika. Olimpiki ya Montreal, 1976, ilikuwa ya kwanza kuchezewa magongo kwenye nyasi bandia. Kenya haikuwepo: nchi nyingi za Afrika zilisusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Mwaka 1980 hatukwenda Moscow pia. Mchezo ulipokuwa unabadilika, sisi tulikuwa nyumbani. Kwenye nyasi bandia mpira unateleza moja kwa moja, kwa kasi. Ujanja wa kuutuliza mpira unaorukaruka ukapungua thamani, pumzi na mapaja yakapanda bei. City Park, Nairobi, ilipata uwanja wa aina hiyo kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Tukashinda dhahabu, tukaenda Seoul 1988. Wanaume wetu hawajarudi Olimpiki tangu hapo.

Kwa hivyo je, ukakamavu ni muhimu kwa timu yenye ufundi? Ndiyo, tena sana, lakini kazi yake ni kuulinda ufundi usichoke. Haiwezi kuchukua nafasi yake. Kijana mwembamba utamkimbiza mlimani mwaka mzima atapata pumzi. Lakini ukimtoa kwenye timu, na yeye ndiye anayejua mpira, hayo mazoezi utampa nani? Na tukiendelea kulaumu miili ya vijana, hatutauliza ni wangapi kati yao wamewahi kukanyaga nyasi bandia. Kiwanja chetu Suna kilikuwa mchanga na mawe.

Mwaka huo tulitolewa mapema. Juzi nilikutana na yule jamaa wa mabega stendi ya Migori, tukacheka sana. Halafu akaniambia kitu ambacho sikutegemea: hakuwahi kuupenda ule mchezo hata siku moja. Alichaguliwa tu, na hakuna aliyemuuliza.