Zimwi la Nyuma ya Jiko

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, binti wa Kifini, Tove Jansson, alikuwa akisomea sanaa mjini Stockholm na kuishi kwa mjomba wake, Einar Hammarsten. Usiku alizoea kunyemelea jikoni kudokoa chakula. Mjomba akamwonya: nyuma ya jiko anaishi Moomintroll, kiumbe anayewapulizia wadokozi pumzi ya baridi shingoni.

Hiyo ndiyo kazi waliyopewa mazimwi wa Ulaya kwa karne nyingi, kuwatia watoto adabu. Huko Bohemia, watoto walisimuliwa habari za zimwi la majini linalozamisha watu na kuzifungia roho zao chini ya vyungu vilivyofudikizwa. Oscar Wilde aliwahi kuligeuza jambo hilo mwaka 1887, alipoandika juu ya mzuka mzee wa Canterville anayesumbuliwa na mapacha wa Kimarekani. Lakini mazimwi walipata makazi ya kudumu katika vitabu vya watoto baada ya Vita Vikuu vya Pili, na waliowakaribisha walikuwa watu waliovijua vita hivyo kwa uchungu.

Umoja wa Kisovyeti ulipoivamia Ufini mwishoni mwa 1939, Jansson alianza kuandika hadithi ya Moomintroll na mama yake wanaomtafuta baba aliyepotea. Ilichapishwa mwaka 1945. Yule kiumbe wa kutisha wadokozi akawa mtoto mpole, na nyumba ya mama yake haikumfungia mgeni mlango. Hata Mårran, kiumbe ambaye ardhi huganda kila anapoketi, alipata wa kumjali. Katika kitabu cha mwaka 1965, Moomintroll anampelekea taa ufukweni usiku baada ya usiku. Mafuta yanapokwisha, anakwenda mikono mitupu. Mårran anacheza kwa furaha ya kumwona, na mchanga chini yake haugandi tena.

Otfried Preußler alizaliwa Bohemia mwaka 1923, akalelewa kwa ngano za bibi yake. Alikwenda vitani akiwa askari wa Ujerumani, akatekwa, akakaa miaka mitano katika kambi za Kisovyeti. Baadaye alikuwa mwalimu huko Bavaria. Mwaka 1956 alilichukua zimwi la majini lililowaogofya watoto wa kwao, akalifanya mtoto mtundu anayekua chini ya bwawa la kinu pamoja na baba na mama. Mwaka uliofuata akaandika juu ya mchawi mdogo, baada ya binti zake kuogopa wachawi wakati wa kulala. Mwaka 1966 akafika mzuka mdogo wa ngome, anayetamani kuuona mchana.

Nchini Marekani, Maurice Sendak, mtoto wa Wayahudi waliohama kutoka Poland, alipoteza ndugu wengi katika mauaji ya Wanazi. Mazimwi wa Where the Wild Things Are, kitabu cha mwaka 1963, aliwachora kwa kuwakumbuka wajomba na shangazi waliokuja kwao Brooklyn, wakimfinya mashavu na kusema watamla. Zimwi likujualo, Waswahili husema, halikuli likakwisha. Baadhi ya watu wazima walihofu kwamba kitabu hicho kingewatisha watoto. Mwaka 1964 kikapata tuzo ya Caldecott.

Eva Ibbotson, aliyezaliwa Vienna mwaka 1925 na kuondolewa huko utotoni Wanazi walipotawala Ujerumani, aliwafanya mizuka kuwa wakimbizi kabisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1975, familia ya mizuka inapoteza ngome yake, na mvulana wa shule anaipigania ipewe hifadhi.

Neil Gaiman alipochapisha The Graveyard Book mwaka 2008, njia ilikwisha kufyekwa. Mtu mwenye kisu anaua familia, na mtoto mdogo aliyesalimika analelewa na mizuka wa makaburini. Kitabu hicho kilikuwa cha kwanza kutunukiwa tuzo za Newbery ya Marekani na Carnegie ya Uingereza pamoja.