Urea: Jina Lililotoka kwenye Mkojo
Bibi yangu huyamwagilia mahindi mkojo wa ng'ombe uliochanganywa na maji, na jirani yake mwenye mfuko wa urea humcheka. Jina la mbolea hiyo linamsuta. Urea limetokana na neno la Kigiriki, ouron, maana yake mkojo. Na ni katika mkojo Mfaransa Hilaire Rouelle alimoipata mwaka 1773. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler akaitengeneza maabarani, bila figo ya mtu wala ya mnyama, lakini jina likabaki lile lile. Leo viwanda huiunda kwa kabonidayoksaidi na amonia (ambayo nayo jina lake latokana na Amun, mungu wa Misri ya kale). Mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Ndoo ya bibi haijapimwa, ila urea imo.