Chuoni, Usalama wa Nani?

Moshi ni mji wa makuruta na wanafunzi. Shule ya Polisi, ambayo wenyeji tunaiita CCP, iko hapa. Chuo Kikuu cha Ushirika nacho kiko hapa; kilianza 1963 kama chuo cha ushirika, kikawa chuo kikuu kamili 2014. Kuruta na mwanafunzi ni watu wa rika moja, na wengine wametoka kijiji kimoja. Lakini ukisoma historia ya vyuo vyetu utaona kwamba askari na mwanafunzi wamekutana zaidi kwa virungu kuliko kwa salamu.

Historia hiyo inaanzia Dar es Salaam, kwa sababu hadi Sokoine ilipoanzishwa 1984 nchi ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu. Julai 1971, rais wa wanafunzi pale Mlimani, Mkenya Symonds Akivaga, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, barua ya wazi akilalamikia uongozi usiosikiliza. Kikosi cha FFU kiliingia chuoni na bunduki, kikamchukua, naye akarudishwa Kenya. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga marupurupu ya mawaziri na wabunge. Wakazuiwa njiani, na mamia wakafukuzwa chuo.

Sasa weka kando ya matukio hayo mwaka 1990. Pale pale Mlimani, kundi lililojificha nyuma ya jina la Mzee Punch lilikuwa na desturi ya kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wasichana, kwa maandishi na michoro ukutani. Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliandamwa na wavulana kwa vitisho na udhalilishaji. Februari mwaka huo alijiua. Ilibidi afe ndipo nchi ianze kuuliza ni nani alipaswa kumlinda.

Jambo hili linanisumbua kuliko yote. Barua moja ilitosha kuleta kikosi chenye silaha, lakini kuta zilizojaa matusi kwa miaka hazikumleta hata askari mmoja. Neno ni lile lile, usalama, ila mwaka 1971 ulikuwa usalama wa wakubwa, na mwaka 1990 msichana aliyeuhitaji hakuupata.

Rombo wanalijua hili kwa uchungu wao. Tarehe 16 Februari 2018, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alikuwa ndani ya daladala Kinondoni wakati polisi walipokuwa wakitawanya waandamanaji wa CHADEMA. Hakuwa mwandamanaji. Risasi ilimpata, akafa akiwa na miaka 22, na akaja kuzikwa Rombo.

Kwa hiyo leo nikisikia wito wa kuimarisha polisi vyuoni, swali langu la kwanza ni wataimarishwa kwa kazi gani. Wanafunzi wengi wa Moshi wamepanga mtaani. Hatari yao ni ile njia ya giza kutoka diskasheni hadi geto, simu inayoporwa na mtu wa pikipiki, au mhadhiri anayedai ngono ili atoe alama. Bunduki haitatui hata moja kati ya hizo. Taa, doria ya miguu na askari wa kike anayejulikana kwa jina vinaweza kusaidia. Linaweza kusaidia pia dawati la jinsia, ambalo tangu 2021 serikali imevitaka vyuo viwe nalo. Lakini dawati ambalo taarifa zake zinaishia kwa bosi wa mtuhumiwa ni meza tu.

Makuruta walioko CCP sasa watapangiwa vituo nchi nzima, na baadhi ya vituo hivyo viko jirani na vyuo. Wafundishwe matukio ya 1971 na 1990 kwa pamoja, ili siku msichana atakapoingia kituoni saa nne usiku, askari wa zamu avute kiti na kuanza kuandika.