Mbavu za ng'ombe kwa jioni ya baridi: zinataka muda, si moto mkali

Kuanzia Juni, ukiwa Njombe, Mafinga, Lushoto au Limuru, baridi inaanza kung'ata hata jua halijazama. Jioni kama hiyo, mbavu za ng'ombe zilizoiva taratibu mpaka nyama inaachia mfupa zinamaliza kesi. Wengi wanazikwepa buchani kwa sababu ni ngumu. Ugumu huo una dawa yake: muda.

Kwa nini moto mdogo?
Mbavu zina kolajeni nyingi, ule utando mweupe unaoshikilia nyama. Ikipikwa taratibu kwa saa kadhaa inageuka jelatini, na mchuzi unakuwa mzito, unanata mdomoni. Ukichemsha kwa fujo, nyama inajikamua maji na kukauka kabla utando haujalainika.

Mahitaji (watu 4)
- Mbavu kilo 1.5, zikatwe vipande
- Vitunguu maji 2, karoti 2, nyanya 3
- Kitunguu saumu punje 5, tangawizi kipande
- Nyanya ya kopo kijiko 1
- Chumvi, pilipili manga, kijiti cha mdalasini
- Mafuta kidogo, maji ya moto vikombe 3

Namna ya kupika
1. Kausha mbavu, zipake chumvi na pilipili manga.
2. Zikaange kwenye sufuria zito hadi ziwe kahawia kila upande. Usizijaze zote kwa pamoja, zitachemka badala ya kukaangika. Zitoe.
3. Kaanga vitunguu, saumu na tangawizi. Weka nyanya zote, acha zikauke.
4. Rudisha mbavu, ongeza karoti, mdalasini na maji.
5. Funika, punguza moto. Mapovu yatoke moja moja tu. Subiri saa 2 na nusu hadi 3.
6. Ziko tayari uma ukizama bila kusukuma. Engua mafuta ya juu, pakua na ugali, ndizi au viazi.

Huna muda? Presha kuka inamaliza kazi kwa dakika 50 hivi.

Usiweke vidonge
Wapo wanaotumbukiza paracetamol ili nyama ilainike fasta. Acha kabisa. Ni dawa, ikizidi inaharibu ini, na hakuna anayejua kipimo kilichoingia kwenye sahani yake.

Jiko la mkaa libaki nje
Saa 3 za mapishi na baridi ya nje vinashawishi kuingiza jiko ndani na kufunga madirisha. Usithubutu. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Pika nje au penye hewa inayopita, na usilale na jiko ndani hata makaa yakiwa yamefifia. Kichwa kikianza kuuma, ukapata kizunguzungu au kichefuchefu, toeni watu wote nje mara moja na mtafute msaada wa hospitali.