Deni la Ndugu: Lini Familia Hulazimika Kulipa Kisheria

Mkopaji anapotoweka, mdai hubisha hodi nyumbani kwao. Hali hiyo inafahamika katika Manispaa ya Musoma na katika wilaya za Bunda na Butiama, ambako shughuli nyingi za kiuchumi huendeshwa kwa mikopo: mvuvi hukopa nyavu na injini, mkulima wa pamba huchukua pembejeo kabla ya msimu, na mchimbaji mdogo wa Buhemba hupewa mtaji wa kushuka shimoni. Kazi ikiharibika na mhusika akahama bila kuaga, mkopeshaji hufika kwa baba mwenye mji na kuanza kuhesabu ng'ombe waliomo zizini.

Jibu la sheria ni kwamba deni ni la aliyelikopa. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano huwabana walioyaingia kwa hiari yao wakiwa na sifa za kufanya hivyo. Kuzaliwa tumbo moja, kuoana au kuishi katika mji mmoja hakumfanyi mtu kuwa mdaiwa. Baba halazimiki kulipa deni la mwanawe mtu mzima, wala kaka deni la mdogo wake, hata kama ukoo mzima ulijua kuhusu mkopo huo.

Hata hivyo, ndugu wengi hujikuta mahakamani kwa sababu ya saini. Aliyejaza fomu ya mkopo kama mdhamini ameahidi kulipa iwapo mkopaji atashindwa, na wajibu wake kwa kawaida ni sawa na wa mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba umeweka ukomo. Wapo wanaoombwa kusaini "kama shahidi tu" na baadaye kubaini kuwa nafasi waliyosaini ni ya mdhamini. Tofauti ni kubwa: shahidi huthibitisha kuwa makubaliano yalifanyika, mdhamini hulipa. Asiyesoma fomu vizuri anayo haki ya kuomba asomewe, na kupewa nakala, kabla ya kuweka saini au dole gumba.

Kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyopata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, anayekopa ni kikundi. Mwanakikundi anaweza kuguswa na deni kwa uanachama wake na kwa mkataba aliousaini. Mume au mkwe wake asiye mwanachama hahusiki.

Ndoa nayo haiunganishi madeni. Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, inamtambua mke kuwa na haki sawa na mume ya kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Wanandoa wanaoishi pamoja, sheria huchukulia kuwa mke anaweza kukopa mahitaji ya lazima ya nyumbani kwa dhamana ya mume, dhana ambayo mume anaweza kuipinga kwa ushahidi. Kuhusu nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inataka rehani juu yake iwe na ridhaa ya mwenzi. Mwenzi aliyetoa ridhaa hiyo anapaswa kuelewa kwamba, hata kama yeye hakukopa, nyumba inaweza kuuzwa.

Suala gumu zaidi ni deni la marehemu. Msibani, msemaji wa familia huwataka wanaomdai marehemu wajitokeze, na mara nyingi huongeza kuwa familia italipa. Ni desturi njema, lakini mahali pa deni hilo kisheria ni kwa msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo hupendekeza jina, na Mahakama ya Mwanzo ndiyo huteua. Msimamizi hukusanya mali, hulipa gharama na madeni yaliyothibitishwa, kisha hugawa kinachobaki. Kanuni za usimamizi wa mirathi za mwaka 1971 zinamtaka awasilishe mahakamani orodha ya mali na madeni, kwa Fomu Namba V, ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa au katika muda zaidi utakaoruhusiwa.

Kwa mfano, marehemu akiacha deni la shilingi milioni 6 na mali ya shilingi milioni 4, mdai hawezi kupata zaidi ya mali hiyo. Milioni 2 zinazobaki hazikatwi kwenye mshahara wa mtoto wala hazichukuliwi kwenye mtaji wa biashara ya mjane. Lakini warithi wakigawana ng'ombe kwanza na kumwacha mdai akiwa hajalipwa, msimamizi anaweza kuwajibika kwa mali yake mwenyewe, na mrithi anaweza kudaiwa kwa kiasi alichopokea. Kwa mikopo ya benki, familia iulize mapema iwapo mkopo ulikuwa na bima, kwa kuwa baadhi hulipwa na bima mkopaji anapofariki.

Hukumu ikishatolewa dhidi ya mwana na dalali wa mahakama akakamata ng'ombe wa baba, baba anapaswa kufungua shauri la pingamizi katika mahakama iliyotoa amri, na kufanya hivyo kabla ya mnada. Ushahidi wake ni hereni za utambuzi wa mifugo, stakabadhi za mnadani, au majirani wanaojua ng'ombe ni wa nani. Mkopeshaji anayeswaga mifugo bila amri ya mahakama anaweza kukabiliwa na kesi ya jinai.

Wale wa mikopo ya "kausha damu" na ya simu wamezoea kuwapigia ndugu na marafiki wa mkopaji ili kumwaibisha. Biashara ya kukopesha inahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na usambazaji wa taarifa za mtu bila ridhaa yake unaweza kulalamikiwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ndugu anayepigiwa hadaiwi chochote. Ahifadhi ujumbe aliotumiwa, namba iliyoutuma na tarehe, kisha apeleke malalamiko Benki Kuu ya Tanzania kama mkopeshaji ana leseni, au kituo cha polisi kama ametishiwa. Ushauri wa bure hutolewa na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kumwelekeza mwananchi walipo.